Magofu na vijiji vilivyotulia: mkifika huwa mnaanzia wapi?

#1 Mzururaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa mtu wa kuzurura vijijini kutazama magofu kwa miaka kumi na kitu sasa, na ile sita ya mwanzo nilikuwa naifanya kazi hii kichwa chini miguu juu. Nafika, nauliza "magofu yako wapi?", naoneshwa kwa kidole, nakata mbuga kupita nyumba za watu bila hata kugeuza shingo, nafika kwenye kuta, napiga picha arobaini, nasoma kibao, narudi. Kijiji kwangu kilikuwa njia tu ya kupita. Nikifika nyumbani picha zote ni zilezile: ukuta, mti juu ya ukuta, mimi mbele ya ukuta.

Kilichonigeuza ni kiatu. Soli ilibanduka nikiwa nashuka kutoka magofuni, nikaingia kijijini nachechemea, nikapata mzee wa kunishonea. Alikuwa na kazi nyingine mbele yangu, kwa hiyo nilikaa kama saa mbili nimeegemea ukuta wa zizi lake la mbuzi. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kuutazama ule ukuta. Mawe ya juu ni ya kuokoteza, kila moja na umbo lake. Ya chini ni makubwa, yamechongwa pembe sawasawa. Na moja, lililolazwa kwa ubavu, lina tundu la duara, upana wa kikombe, ndani laini kabisa kama limepakwa mafuta. Nikaingiza kidole. Nikamuuliza mzee hili ni nini. Bila kuinua macho kwenye sindano akasema: "Hilo la mlango. La kule juu."

Yaani lilikuwa jiwe la kizingiti. Tundu lile ndimo mguu wa mlango ulimokuwa ukizungukia, miaka na miaka, mpaka jiwe likalainika. Nilikuwa nimetoka kupiga picha uwazi wa ule mlango huko juu, na mlango wenyewe, au kilichobaki chake, nilikuwa nimeuegemea. Gofu na kijiji ni kitu kimoja kilichogawanyika.

Tangu siku hiyo sianzii magofuni. Naanzia kijijini, na swali langu la kwanza silo "magofu yako wapi". Nauliza: "Maji mnachota wapi?" Kuta huanguka, njia huhama, majina hubadilika, lakini watu hawaachi kisima ovyo. Ukijua maji yalipo unaelewa kwa nini kuta ziko pale zilipo, na mara nyingi unaelewa pia kwa nini watu waliondoka.

Halafu tuna maneno mawili mazuri ambayo tunayachanganya. Gofu ni jengo lililobaki mifupa. Hame, mahame, ni mahali watu walipohama. Unaweza kuwa na gofu katikati ya mtaa wenye watu tele, na unaweza kusimama katikati ya hame usione hata jiwe moja. Wengi tunasafiri kutazama magofu tu, mahame tunayakanyaga.

Haya, nyie mnaanzia wapi?

#2 KobeMtulivu

Natia nanga hapa. Tupia picha ya hilo jiwe basi, mkuu.

#3 Mzururaji

Sina, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Arobaini za huko juu ninazo. La zizini sikupiga hata moja, nilikuwa na kiatu kimoja mguuni na akili haijakaa sawa.

#4 BintiRamani

Mleta uzi umenikumbusha Aphrodisias, kule Uturuki. Mwaka 1958 mpiga picha Ara Güler alikuwa anarudi kutoka kupiga picha za bwawa jipya, gari likapotea njia usiku, wakaishia kwenye kijiji kinaitwa Geyre. Alichokikuta ni watu wamekaa wanapiga soga na kucheza, meza zao ni vichwa vya nguzo za Kirumi. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya mji wa kale na kuutumia kama vyombo vya nyumbani. Zile picha zake ndizo zilizouamsha ulimwengu. Uchimbaji mkubwa wa mwanaakiolojia Kenan Erim ukaanza mwaka 1961, na mwaka 2017 pakaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Na kijiji? Kilihamishiwa pembeni. Leo unakwenda pale unakuta uwanja wa michezo wa kale, hekalu, lango refu la nguzo, kila kitu kisafi. Ila wale wa kwenye picha hawapo. Si pale tu. Delphi, Ugiriki, kulikuwa na kijiji cha Kastri juu kabisa ya patakatifu pa kale, na Wafaransa walipoanza kuchimba kwa nguvu mwaka 1892 ilibidi kijiji kizima kibomolewe na kujengwa upya mbali kidogo.

Sisemi ilikuwa makosa. Bila hivyo tusingeona kitu. Nasema tu kwamba ukisimama mahali palipo safi sana, jiulize palisafishwa nini.

#5 MbishiWaKudumu

Nyie mnapenda kupamba mambo. Mtu kung'oa jiwe la kizingiti cha kihistoria akajengea zizi la mbuzi, hapa kwetu kwenye uzi inakuwa "kitu kimoja kilichogawanyika". Kwangu huo ni uharibifu, basi. Zizi moja leo, kumi kesho, keshokutwa mnakwenda kutazama nyasi.

#6 FundiChokaa

Mbishi, nikujibu kama mtu wa kazi hizi, maana nimeshika mwiko kwenye kuta za kale kwa muda.

Nyumba hufia paani. Wanaohama huwa wanang'oa kwanza mbao za paa, kwa sababu ndizo zinazobebeka na zina thamani. Paa likiondoka, mvua inaingia kwenye kichwa cha ukuta, inaosha chokaa kutoka juu kwenda chini, mizizi inafuata njia ya maji, na baada ya hapo mawe yanajishukia yenyewe. Yule anayekuja kuokota jiwe kwenye kifusi amekuta mzishi ameshapita. Angalia ule ukuta wa Hadrian, wa Warumi, kaskazini ya Uingereza, ulioanza kujengwa mwaka 122. Nyumba za wakulima, mazizi na makanisa ya njia nzima yale yana mawe yake. Lakini katika karne ya 18, kwenye miaka ya 1750, serikali ilijenga barabara ya jeshi juu ya sehemu ndefu ya ukuta huohuo na mawe yakageuzwa kifusi cha barabara. Mkulima alichukua jiwe akaliacha jiwe, unaweza kulitambua mpaka leo. Ya barabarani nenda kayatambue.

Na kuna uharibifu mwingine ambao wageni huwa wanausifia: matengenezo ya saruji. Chokaa ya kale ni mawe yaliyochomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Ikishapakwa inavuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe laini, linalopumua. Maji yakiingia ukutani yanatokea kwenye chokaa. Ukiziba kwa saruji umefunga mlango, maana saruji ni ngumu kuliko mawe mengi na haipitishi. Maji yanatafuta pa kutokea, yanapata jiwe lenyewe, yanabeba chumvi, chumvi inaganda chini ya ngozi ya jiwe na kulibandua kama maganda ya kitunguu. Ukienda gofuni ukakuta viungo vya saruji vimesimama kama wavu na mawe yameliwa yakazama ndani, umeona kazi ya mtu aliyekuja kuokoa.

Hata wakubwa wameteleza. Acropolis ya Athens, ile ngome ya kale ya mahekalu, matengenezo ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliunganisha marumaru kwa vyuma vya kawaida bila kuvifunika kwa madini ya risasi kama walivyofanya mafundi wa kale. Chuma kikashika kutu, kikavimba, kikapasua marumaru. Kazi iliyoanza mwaka 1975 sehemu kubwa imekuwa ya kung'oa vyuma vile na kuweka vya titani, madini yasiyoshika kutu.

Kwa hiyo zizi la mbuzi mimi halinitishi sana. Jiwe liko pakavu, limeegemewa, na mzee anajua lilikotoka. Hiyo ni hifadhi bora kuliko nyingi nilizoziona.

#7 MbishiWaKudumu

Sawa kwenye saruji umenipiga. Kwenye zizi bado.

#8 ShangaziMguuNjia

Wanangu, mimi nimeipenda hiyo ya hame lisilo na jiwe, maana ndiko ninakokwenda siku hizi na wajukuu wananicheka. "Bibi amesafiri kwenda kutazama nyasi." Ndiyo, nimekwenda kutazama nyasi!

Wharram Percy, kule Yorkshire, Uingereza. Kijiji cha enzi za kati. Mwanzoni mwa karne ya 16 wakazi wa mwisho walikuwa wameondolewa, ardhi ikawa ya kondoo, kwa sababu sufu ililipa kuliko nafaka na kondoo hahitaji watu wengi wa kumtunza. Limebaki kanisa lisilo na paa na mabonde-mabonde kwenye majani. Watafiti wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst walichimba pale kila kiangazi tangu mwaka 1950 mpaka 1990. Miaka arobaini kwenye kijiji kimoja ambacho mpita njia angedhani ni malisho tu.

Sasa siri ya kuona: usiende saa sita mchana. Jua likiwa utosini ardhi yote ni bapa. Nenda alfajiri au jua linapozama, kivuli kiwe kirefu. Ule msingi uliofunikwa na majani, kimo cha kiganja tu, unatupa kivuli cha hatua mbili, na ghafla unaona chumba, unaona mlango, unaona njia inapita katikati ya nyumba. Nimewahi kusimama sehemu asubuhi nikaona kijiji kizima, nikageuka kumimina chai kwenye kikombe, jua limepanda kidogo, kijiji kimezama tena.

Na mwaka wa ukame mkali ndio mwaka wetu. Mimea iliyo juu ya ukuta uliofukiwa hukauka mapema kwa kukosa udongo, iliyo juu ya mtaro wa kale hubaki kijani kwa sababu chini kuna unyevu. Julai 2018, Ireland, karibu na kaburi la kale la Newgrange, mashamba yalipokauka ndege isiyo na rubani ilipiga picha ya duara kubwa la kale ambalo halikuwa linaonekana kabisa ukitembea juu yake. Mkulima wa karibu mara nyingi anayajua haya kabla ya ndege. Muulize tu, "kuna mahali jembe lako linagonga?"

#9 ChumaUlete

Shangazi umenivunja mbavu na hiyo ya kumimina chai. Kijiji kimezama!

#10 NililelewaHapohapo

Nimesoma kimya, ngoja na mimi niseme, maana mnazungumza kama watu wa upande wa kuja. Mimi ni wa upande wa kujiwa.

Nyumba yetu ilikuwa hatua mia tatu kutoka kwenye gofu ambalo lipo kwenye ramani za watalii. Utotoni kwetu hapakuwa gofu. Palikuwa ni pa kujificha mvua, pa kuchungia, pa kufanyia kazi ya shule kwa sababu pana kivuli na ukimya. Kila mmoja wetu alikuwa na chumba chake mle. Changu kilikuwa na shimo la dirisha dogo, na najua mpaka leo jua linaingia pale mwezi gani.

Wageni walikuwa wanapita. Wengi wazuri tu. Lakini kuna jambo moja: walikuwa wakitupiga picha tukiwa juu ya kuta, kisha wanatuomba tutoke ili wapige "bila watu". Nilikuwa na miaka tisa na hilo lilinikaa. Unatolewa kwenye chumba chako ili paonekane hapana mtu.

Siku moja alikuja mama mmoja, akakaa kwenye jiwe, akauliza hapa mnapaitaje. Siyo jina la kwenye kibao, jina letu. Kila kona ilikuwa na jina. Pa Nyuki, Pa Mvua, Kwa Aliyelala. Akaandika yote kwenye daftari. Hakupiga picha hata moja. Baada ya miaka ule upande wa Pa Nyuki ulianguka, na nadhani jina limebaki kwenye daftari lake na kwenye kichwa changu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaokwenda: salimia kwanza, kaa kidogo, waulize majina. Ukimya wa kijiji mnaouita utulivu wakati mwingine ni watu wamenyamaza kwa sababu mgeni anapita.

#11 Mzururaji

Mkuu #10, umeniweka kwenye kioo. "Bila watu" nimewahi kuisema. Siyo mara moja.

#12 MbishiWaKudumu

Majina sawa. Lakini hadithi za wenyeji nazo tuzichuje. Kila kijiji nilichofika kuna dhahabu imezikwa, kuna handaki linalotoka gofuni mpaka mtoni, na kuna mfalme aliyelaaniwa. Handaki huwa ni mtaro wa maji machafu. Mnaamini kila mnachoambiwa?

#13 MsomiMvivu

Kuamini si lazima, kusikiliza ni lazima. Na ukitaka kuona hatari ya kuamini hadithi za wageni kuliko za wenyeji, nenda Great Zimbabwe.

Jina lenyewe la Kishona, dzimba dza mabwe, kwa Mswahili halihitaji kutafsiriwa: nyumba za mawe. Mji huo ulijengwa na mababu wa Washona kati ya karne ya 11 na ya 15, mawe ya granaiti yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuunganishia, na ule ukuta wa nje wa boma kubwa unafika kimo cha mita 11 hivi na mzunguko wa mita 250. FundiChokaa atanielewa: mita kumi na moja, mikavu! Sasa wakoloni walipofika hawakutaka kukubali kwamba Waafrika walijenga. Wakasema ni Wafoinike, wakasema ni Malkia wa Sheba. Mwaka 1902 akawekwa mtu anaitwa Richard Hall atunze mahali pale. Kwa miaka miwili akafyeka na kuchimba akitupa nje tabaka za udongo zenye mabaki ya maisha ya watu, kwa hoja kwamba anaondoa uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye. Uchafu ule ndio uliokuwa ushahidi. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver akaja akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 mwenzake Gertrude Caton-Thompson akathibitisha kwa uchimbaji makini wa pale ambapo udongo ulikuwa haujavurugwa.

Ndiyo maana mimi ni mkali sana kwa anayeokota kigae na kukitia mfukoni. Kigae chenyewe hakina bei. Thamani yake ni mahali kilipolala: tabaka gani, kando ya nini. Pale Great Zimbabwe zimepatikana shanga, vyombo vya China na hata sarafu ya Kilwa, mji wa visiwani ulio mbali kabisa ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Sarafu ileile ingekuwa kwenye droo ya mtu bila kumbukumbu ya ilikotoka ingekuwa kipande cha shaba tu. Ikiwa pale, inakuonesha biashara iliyovuka nchi nzima.

Ukikiona kigae, kipige picha palepale na kitu cha kuonesha ukubwa, kisha kiache. Ukiona kitu kikubwa, waambie wahusika wa mambo ya kale. Usichimbe hata kwa kijiti.

#14 MbishiWaKudumu

Hii nimeichukua. Nakiri nina kigae kimoja kwenye rafu ya vitabu. Msiniulize cha wapi, sikumbuki.

#15 MsomiMvivu

Si ndiyo hoja yenyewe hiyo ndugu yangu 😄

#16 BintiRamani

Jambo ambalo hatujaligusa: watu waliondokaje. Ukishajua hilo, hata namna ya kutembea pale inabadilika.

Kuna mahame ya maji kukauka, ya bandari kujaa mchanga, ya ardhi kuporomoka kama Craco huko Italia, ambako maporomoko ya mwaka 1963 yaliwalazimisha watu kushuka bondeni. Kuna ya makubaliano ya wakubwa. Kayaköy, Uturuki, ni mlima mzima wa nyumba za mawe bila mapaa. Wakazi wake Wagiriki wa Kiorthodoksi waliondoka kwenye ile kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki iliyokubaliwa mwaka 1923. Tazama zilivyopangwa: nyumba zote zimekaa mlimani kwenye mawe, bonde lenye rutuba limeachwa kwa ajili ya kulima. Huhitaji kibao kukuambia walikuwa wanaishi kwa kutegemea nini.

Tyneham, kusini mwa Uingereza, ndipo paliponiliza. Desemba 1943 jeshi lilichukua kijiji kwa mazoezi ya vita, watu zaidi ya 200 wakapewa wiki chache wahame. Wakaondoka wakabandika barua kwenye mlango wa kanisa, wakiwaomba askari wavitunze kanisa na nyumba, kwa sababu wametoa makazi yao ili kusaidia kushinda vita na wangerudi siku moja. Hawakurudi mpaka leo, eneo bado ni la jeshi. Siku linapofunguliwa unaingia kwenye darasa la shule unakuta vigingi vya kutundikia makoti ya watoto, vimo vyao.

Na kuna Oradour-sur-Glane, Ufaransa. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Kijerumani wa SS, kikosi cha Wanazi, waliua watu zaidi ya 600, wanawake na watoto ndani ya kanisa, wakachoma kijiji. De Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, akaagiza kiachwe kilivyo. Magari yaliyoungua, cherehani, baiskeli, viko palepale. Pale huendi kutafuta pembe nzuri ya picha. Nimeona watu wanajipiga picha wakitabasamu mbele ya lile gari na sikujua pa kuweka macho.

#17 MgeniWaNjia

Habari zenu. Mimi ndiyo naanza mambo haya, mwisho wa wiki hii nataka kwenda mahali. Kuna hatari gani za kuangalia? Na nikishafika mbele ya ukuta, natazama nini hasa? Maana mimi nikiona ukuta naona ukuta.

#18 Mzururaji

Karibu sana. Hatari kubwa iko chini, siyo juu. Nyumba nyingi za kale zilikuwa na birika la maji ya mvua chini ya ua, na paa lake siku hizi ni majani na bahati. Mimi nilizama mpaka kifuani kwenye moja, mikono ikanishikilia ukingoni. Miguu ilikuwa inaning'inia hewani, nasikia mawe yanadondoka chini, tumbwi, tumbwi. Nilitambaa kutoka kwa tumbo na sikusimama mpaka nilipofika njiani. Kwa hiyo ua uliofunikwa na majani mazito usiukate katikati, pita kandokando ya kuta. Usipande ukuta kamwe, kichwa cha ukuta ndicho kilichooza kuliko sehemu zote. Mwambie mtu kijijini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Hiyo nayo ni sababu ya kuanzia kijijini.

Ya kutazama namwachia fundi.

#19 FundiChokaa

Tafuta mashimo ya mraba yaliyojipanga mstari. Hapo zilipenya boriti, kwa hiyo hapo palikuwa na sakafu ya ghorofa. Ndiyo maana unaweza kukuta meko inaning'inia ukutani juu ya kichwa chako, imekaa kama kabati. Kisha tafuta mshono: mstari wa wima ambapo mawe ya upande mmoja hayaingiliani na ya upande wa pili. Hapo kuna nyumba mbili za nyakati mbili, au mlango uliozibwa. Mlango uliozibwa una hadithi kila wakati, ndugu waligombana au familia ilipungua. Mwisho inama utazame kizingiti. Kimelika katikati au upande? Kikiwa kimelika upande mmoja, watu walikuwa wanaingia na kukata kona mara moja, kwa hiyo kulikuwa na kitu upande huo. Fuata.

#20 ShangaziMguuNjia

Na angalia miti, mwanangu. Mti wa matunda hauji wenyewe katikati ya pori. Nyumba ya udongo inaweza kurudi udongoni kabisa lakini mti wa aliyeupanda unazaa.

#21 MgeniWaNjia

Nimerudi wakuu! Ripoti.

Nilifanya kama mlivyosema. Nilifika nikauliza maji yanachotwa wapi. Wakacheka, wakadhani nina kiu, wakaniletea kikombe. Nikanywa, nikauliza tena. Bibi mmoja akanipeleka mwenyewe. Kisima kiko kati ya kijiji na magofu, ukingo wake ni pete ya jiwe moja zima. Na ukingo huo, upande wa ndani, una michirizi, imechimbika kama alama za vidole kwenye siagi. Bibi akasema ni kamba. Kamba za ndoo! Nikaweka kidole, kinaingia mpaka fundo la kwanza.

Sasa sikilizeni. Nimeihesabu. Upande unaotazama magofu iko kumi na saba, mirefu. Upande unaotazama kijiji cha sasa ni mitatu tu na haina kina. Nilikaa pale nikatetemeka kidogo, sitanii. Wale wa juu walikuwa wanasimama pale nilipokuwa nimesimama.

Magofuni nilifika saa kumi na moja jioni na nilikaa dakika ishirini tu. Zilitosha.

#22 KobeMtulivu

Picha ipo safari hii? Nimetia nanga tangu #2 jamani.

#23 MgeniWaNjia

Ipo, naipandisha usiku nikipata mtandao mzuri.

#24 MbishiWaKudumu

Hongera, ila usikimbilie. Leo wanachota kwa kapi au kwa mkono? Kama kuna kapi juu, kamba haigusi jiwe, kwa hiyo mitatu dhidi ya kumi na saba haikwambii nani alikuwepo muda mrefu zaidi.

#25 MgeniWaNjia

Duh. Kapi lipo. Bibi anasema alipoolewa halikuwepo, liliwekwa baadaye, ila hakumbuki lini.

#26 FundiChokaa

Mbishi leo umeamka vizuri. Mgeni, ukirudi pima kina cha kila mchirizi kwa kijiti chembamba, na tazama kama ile mitatu ina pembe kali au imelainika. Iliyolainika ni ya zamani, hata kama ni mifupi. Na uliza kama ukingo umewahi kugeuzwa kisima kilipokuwa kinasafishwa. Pete nzima inazungushika.

#27 MgeniWaNjia

Kuzungushwa sikuwaza kabisa. Jumamosi narudi. Bibi alishaniambia nikija tena nimletee kamba mpya ya ndoo, kwa hiyo nabeba kamba na rula.